Jinsi ya kumpendekezea mwenzako riwaya atakayoimaliza

Mapendekezo mengi ya riwaya za Kiswahili hufia njiani kwa sababu moja: aliyeulizwa ametaja kitabu kinachoheshimika, na aliyeuliza alitaka kitabu cha kumnogea. Mtu hajashika riwaya tangu atoke kidato cha nne, anaomba cha kusoma likizo, anaambiwa asome Nagona ya Euphrase Kezilahabi. Ni kazi kubwa, tena nyembamba, haifiki kurasa 100, kwa hiyo inaonekana nyepesi mkononi. Ndani hakuna kisa kinachokwenda moja kwa moja; kuna ndoto, mafumbo na falsafa. Asiyezoea hukwama mapema, akadhani kasoro ni ya kichwa chake. Akishadhani hivyo, kumrudisha kwenye riwaya ni kazi kubwa.

Unampendekezea mtu. Sifa za kitabu zinakuja baadaye, baada ya kumjua huyo mtu anasoma nini, saa ngapi, na nini kilimshinda. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa utaratibu huo.

Hatua ya kwanza: uliza kabla ya kutaja kitabu chochote

Swali la "unapenda vitabu gani?" halisaidii. Wengi watajibu "chochote tu", na wengine watataja vitabu vya kuwapa sura ya usomi. Uliza haya badala yake.

Kitabu gani cha mwisho ulikimaliza kwa hamu, hata kama ni cha miaka mingi? Kama hana kitabu, pokea hadithi ya mfululizo gazetini, filamu, au tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Anayefuatilia tamthilia ya sehemu 100 hana tatizo la uvumilivu. Anataka familia, siri na mapenzi yanayozuiwa, na riwaya za namna hiyo zipo.

Kipi kilikushinda, na ulikiachia wapi? Sehemu alipoachia inakwambia mengi. Aliyeachia kwenye kurasa 10 za mwanzo mara nyingi alishindwa na lugha au na mwanzo wa maelezo marefu. Aliyeachia katikati alichoshwa na mwendo, au wahusika walimchanganya. Aliyeachia karibu na mwisho alikasirishwa na jambo fulani ndani ya kisa, na huyo ni msomaji mzuri sana: muulize jambo lenyewe.

Ulisoma riwaya gani shuleni, na ilikuwaje? Usiliruke swali hili. Kwa Wakenya na Watanzania wengi riwaya ya Kiswahili ilikuja kama kitabu teule cha mtihani: dhamira, wahusika, tamathali za usemi, alama 20. Wapo walioipenda Siku Njema ya Ken Walibora kiasi cha kukariri kurasa, na wapo ambao jalada la Utengano ya Said Ahmed Mohamed bado linawakumbusha fimbo. Aliyeumizwa na mtihani usimpe mwandishi yuleyule mara ya kwanza, hata kama ana kitabu kizuri zaidi. Aliyependa, mwanzie hapohapo.

Mwisho, unasoma wapi na kwa muda gani? Fanya hesabu naye. Asome dakika 10 kwa mwendo wake wa kawaida, ahesabu kurasa. Akisoma 5, riwaya ya kurasa 200 itamchukua saa 6 na dakika 40. Akisoma dakika 40 kwa siku ndani ya daladala, ni siku 10. Anayeona hesabu hiyo haogopi tena unene wa kitabu. Na ukiona jibu linatoka siku 40, tafuta kifupi zaidi.

Hatua ya pili: pima kitabu chenyewe

Kama umekisoma miaka mingi iliyopita, kishike tena kabla ya kukisifu. Kumbukumbu huhifadhi vile vipande vitamu na kufuta zile kurasa 30 za kujikokota. Soma kurasa 3 za mwanzo, kisha fungua katikati usome ukurasa mmoja. Angalia mambo manne.

Mwanzo. Je, kuna mtu mwenye shida kabla ya ukurasa wa 5? Kisa kikichelewa, lazima umwonye msomaji: "vumilia hadi sura ya pili".

Lugha. Hesabu maneno ambayo huyo unayemlenga hatayajua kwenye ukurasa mmoja. Mawili au matatu yanaelewekea njiani. Yakifika saba au nane, usomaji wa burudani umegeuka somo la msamiati. Hapa asili ya msomaji ina uzito. Waandishi wa Zanzibar kama Said Ahmed Mohamed na Adam Shafi wanatumia Kiunguja cha mitaani na cha baharini, kinachompendeza mtu wa pwani na kumchelewesha wa Mwanza au Eldoret. Shaaban Robert aliandika Kiswahili cha nusu ya kwanza ya karne ya 20, chenye sentensi za mizani na maneno mengi ya asili ya Kiarabu. Walibora, kwa upande wake, hujaza methali na misemo, jambo ambalo mwanafunzi wa Kenya analifurahia kwa sababu amelelewa nalo darasani. Msomaji wa Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura, aliyezoea Kiswahili cha kwao, mpe kwanza kitabu chenye mazungumzo mengi. Mazungumzo humbeba msomaji pale maelezo yanapomwangusha.

Wahusika. Kama ndani ya kurasa 20 wameingia zaidi ya 8 wenye majina, mwambie aandike majina kwenye kipande cha karatasi na kukifanya alama ya ukurasa. Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, kwa mfano, ina familia nyingi zinazopishana. Asiyeandika majina atarudi nyuma mara nyingi.

Uzito. Ngono, ubakaji, kujiua, mateso ya jela, kifo cha mtoto. Si sababu ya kukificha kitabu, ila ni sababu ya kumjua unayempa. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971, ikazuiwa shuleni kwa jinsi ilivyosema wazi mambo ya msichana na wanaume, kisha baadaye ikaingia kwenye orodha ya vitabu teule. Ni riwaya ya kusomwa. Ila usimpe mtu aliye kwenye msiba, na usimpe binti wa miaka 12 kwa kuwa tu jalada lina jina la msichana.

Hatua ya tatu: linganisha ladha na kitabu

Hapa ndipo panapohitaji kusoma kwingi, na hakuna orodha moja inayofaa wote. Yafuatayo ni mapendekezo yanayofanya kazi mara nyingi.

Anayetaka fumbo la kuchambua mpe Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwishoni mwa miaka ya 1950 na ikachapishwa 1960. Ndiyo iliyomleta Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko na akili kali. Mtu mwenye mali ameuawa, maiti yake imekutwa mzimuni, na Bwana Msa anafumbua. Kisima cha Giningi (1968) na Duniani Kuna Watu (1973) zinafuata. Mwendo wake ni wa kufikiri na kuzungumza, hauna risasi nyingi. Anayetaka risasi, ndege na majasusi umpeleke kwa Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, kuanzia Kufa na Kupona (1974), au kwa Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango. Vitabu hivi vimeitwa riwaya pendwa, na baadhi ya wahakiki walivitazama kwa dharau. Usiwafuate katika hilo. Maelfu ya watu walijifunza kumaliza kitabu kwa Willy Gamba, na msomaji aliyemaliza vitatu ana misuli ya kusoma cha nne cha aina nyingine.

Anayependa tamthilia za mapenzi na ukoo mpe Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999), au Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972). Kiu ni fupi na inakaza: Mwinyi, tajiri mzee, anamtaka Bahati, anamtumia kijana Idi kumpata, na kila mmoja kati yao ana kiu yake. Ni kitabu kizuri kumpa mtu anayesema hana muda.

Anayetaka historia ndani ya kisa, Adam Shafi tena. Kuli (1979) inaingia bandarini Zanzibar miongoni mwa wapagazi, hadi mgomo wa 1948. Haini (2003) inaingia gerezani baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972. Mwandishi mwenyewe aliwekwa kizuizini wakati huo, na unalihisi hilo kwenye kurasa. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ni ya utwana wa mashamba kabla ya Mapinduzi ya 1964. Hii ya mwisho ipendekeze kwa kufikiri. Kwa msomaji wa Muscat ambaye wazee wake waliondoka Unguja mwaka ule, kitabu kinachomchora mwenye shamba wa Kiarabu kwa ukali kinaweza kuonekana kama tusi usipomwandaa. Mwambie wazi kimeandikwa kutoka upande upi, halafu mwache aamue. Huyohuyo anaweza kuipenda sana Vuta N'kuvute kwa mitaa na lugha ya nyumbani kwao.

Kijana wa miaka 13 hadi 17: Siku Njema (1996). Kongowea Mswahili amelelewa Tanga na mama yake, mwimbaji wa taarabu, kisha anasafiri kuingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Safari inambeba msomaji hata pale lugha inapopanda. Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo inamfaa aliye mdogo kidogo, hasa wa mjini.

Anayependa kubishana kuhusu serikali na haki mpe Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), na mpe pamoja na mpango wa kuisoma. Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi, Mbinguni na Ardhini. Mwambie asome mjumbe mmoja kwa usiku mmoja. Kwa wiki moja amemaliza, na lugha ambayo ingemchosha kwa mkupuo inamkaa vizuri kwa vipande.

Msomaji mkomavu anayesema riwaya za Kiswahili "zinahubiri sana" mpe Kichwamaji ya Kezilahabi (1974). Kazimoto anasimulia mwenyewe, ana hasira, hana jibu la mambo, na hakuna mtu anayemhubiria msomaji. Akipenda, mpe Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001), ambamo babu aliyekufa anamrudia mjukuu wake ambaye ni mkubwa serikalini. Baada ya hapo ndipo Nagona na Mzingile, zote za Kezilahabi, zinafunguka.

Na kwa aliyesikia habari za Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, riwaya yake Peponi ipo kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto aliyetolewa na baba yake kwa mfanyabiashara kufidia deni, anaingia na misafara ya bara. Lugha ya tafsiri ni safi, na wasomaji wa pwani husema wanasikia sauti za kwao.

Ukitaka vipya, fuatilia washindi wa Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 na siku hizi huitwa Safal-Cornell, na wa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Visome mwenyewe kwanza. Ushindi unamwambia mtu kwamba majaji walikipenda.

Hatua ya nne: taja kimoja, weka kimoja akiba

Orodha ya vitabu 15 ni sawa na kutokupendekeza. Mwulizaji ataipiga picha, ataihifadhi, na hatanunua hata kimoja. Taja kimoja. Cha pili kiweke akiba, ukitaje tu kama cha kwanza hakipatikani au amekisoma. Kiwe tofauti na cha kwanza kwa jambo moja la wazi: kifupi zaidi, au chepesi zaidi kwa lugha.

Hatua ya tano: andika pendekezo lenyewe

Pendekezo baya linajulikana: "Someni Vuta N'kuvute, bonge la kitabu, hamtajuta!" Halimwambii mtu mahali, wakati, wala kwa nini yeye akisome. Pendekezo linalofanya kazi lina sentensi 5 hadi 7, na ndani yake kuna: jina la kitabu na la mwandishi, mahali na wakati, nani anataka nini na nini kinamzuia, utamu wake uko wapi hasa, ugumu wake, na nani asipewe. Mfano:

"Vuta N'kuvute, ya Adam Shafi. Zanzibar, miaka ya 1950, Waingereza bado wanatawala. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa mwanamume aliyemzidi umri mno. Anatoroka, na huko aendako anakutana na Denge, kijana anayeandamwa na serikali. Mapenzi na siasa zimefungamana humo, na mitaa ya Unguja utaiona waziwazi. Ni nene, ina maneno ya Kiunguja, lakini kila sura inakuvuta kwenye inayofuata. Ya watu wazima, mtoto wa msingi asubiri."

Kama mwenzako ameona filamu ya Amil Shivji ya 2021 iliyotokana na riwaya hii, mwambie kitabu kina nafasi kubwa zaidi na watu wengi zaidi, asitarajie kukuta filamu ileile kwenye karatasi.

Kiasi gani cha kisa unaruhusiwa kusema? Usivuke robo ya kwanza ya kitabu. Kwenye riwaya ya upelelezi punguza zaidi: sema nani amekufa na wapi, basi. Usiseme hata "mwisho utashangaa", kwa sababu msomaji ataanza kumshuku yule asiyeshukiwa, na Bwana Msa atakuwa amenyang'anywa kazi yake. Tahadhari za uzito zitaje kwa aina, usizitaje kwa tukio: "kuna mateso ya gerezani" inatosha, usiseme nani anateswa na anaishia wapi.

Linganisho pia lina mtego. Ukisema "ni kama Siku Njema", msomaji atatafuta Kongowea mwingine na asipomwona atakasirika. Sema kinachofanana ni nini: safari, utoto bila baba, au ule ucheshi.

Hatua ya sita: majina yawe kamili

Hapa watu hupotea kuliko wanavyodhani. Usitaje kitabu bila mwandishi. Kuna Dunia Mti Mkavu na Dunia Yao, zote za Said Ahmed Mohamed. Kuna Dunia Uwanja wa Fujo ya Kezilahabi. Na kuna Duniani Kuna Watu ya Muhammed Said Abdulla. Ukisema "ile ya Dunia", mwenzako atarudi na yoyote. Kufa na Kupona ni ya ujasusi, ya Musiba; Kufa Kuzikana ni ya Walibora, ya urafiki na ukabila. Kusadikika na Kufikirika ni za mwandishi mmoja na zinachanganywa kila siku.

Majina ya waandishi nayo yanafanana. Muhammed Said Abdulla, Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed ni watu watatu, wote wa Zanzibar, na kila mmoja anaandika kivyake kabisa. Adam Shafi kwenye baadhi ya majalada na katalogi ni Shafi Adam Shafi, ni yuleyule. Andika majina haya kwa herufi zilizo kwenye jalada ili muuzaji ayapate akitafuta kwenye kompyuta.

Halafu kuna miongozo. Kwa kila riwaya iliyowahi kutahiniwa, madukani kuna vijitabu vya uchambuzi vyenye jina lilelile kwa herufi kubwa na neno "Mwongozo" kwa herufi ndogo. Mtu ananunua, anafika nyumbani anakuta muhtasari wa sura na orodha ya maudhui, mwisho wote umemwagwa. Mwambie kabla hajatoka: jaladani pawe na jina la mwandishi wa riwaya, na akifungua sura ya kwanza akute kisa.

Hatua ya saba: mwoneshe njia ya kukipata

Hamu ya kusoma hudumu siku chache. Pendekezo lisilo na mahali pa kununua linakufa kabla ya Jumamosi. Kabla ya kutuma, hakikisha mambo matatu: kipo dukani, kwa bei gani, na toleo lipi.

Dar es Salaam, duka la TPH barabara ya Samora na wachapishaji Mkuki na Nyota ni pa kuanzia. Nairobi, maduka ya Text Book Centre. Piga simu kwanza, kwa sababu riwaya isiyo kwenye mtaala wa mwaka huo huagizwa nakala chache. Iliyotoka kwenye mtaala hutafutwa kwa wauza vitabu vya mitumba, tena kwa bei nafuu: shule zikibadilisha kitabu teule, nakala za zamani humwagika mitaani. Huo ndio wakati wa kununua tano za kugawia watu. Angalia tu kurasa zote zipo. Nakala za wanafunzi hukosa kurasa za mwisho, na nyingi zina majibu ya mtihani yaliyoandikwa pembeni kwa wino, yanayofichua kisa. Walio Ulaya na Amerika Kaskazini wanaweza kuagiza baadhi ya vitabu vya Mkuki na Nyota kupitia African Books Collective.

Usitume PDF ya kitabu kizima kilichopigwa picha. Waandishi wa Kiswahili hupata kidogo mno kwa nakala, na mchapishaji asiyeuza hachapi tena. Ndiyo maana vitabu vingi vya miaka ya 1970 havipatikani leo. Kumwonjesha mwenzako, mpigie picha ukurasa wa kwanza. Ukurasa mmoja mzuri unauza kitabu kuliko sifa zako zote.

Hatua ya nane: mwache asome, kisha uliza vizuri

Usiulize "umefika wapi?" kila siku. Subiri wiki mbili, kisha uliza kuhusu mtu aliye ndani ya kitabu: "Karama umemwonaje?" Swali la mhusika linajibika hata na aliyesoma kurasa 30. Swali la "umemaliza?" linamfanya ajifiche.

Akisema kimemshinda, mpe ruhusa kamili ya kukiacha, na muulize ukurasa. Lugha ikimshinda, shuka kwenye kitabu chepesi. Mwendo ukimchosha, nenda kwenye upelelezi. Akisema "hakina maana", muulize ni tukio lipi lililomkera. Mara nyingi utagundua amekielewa vizuri kabisa, ila hakumpenda mtu fulani ndani yake, na mazungumzo ya hapo ni matamu kuliko ya kusifiana.

Andika kwenye daftari au simu: nani, kitabu gani, aliachia wapi au alimaliza kwa siku ngapi, alisema nini. Mistari miwili inatosha. Baada ya watu 10 utaanza kuona kitabu kipi kinashika wengi na kipi unakipenda peke yako.

Mkiwa kundi

Kundi la watu 6 hadi 12 kwenye WhatsApp linatosha. Kwa mwezi mmoja pendekezeni vitabu visivyozidi 3, kila kimoja kwa maelezo ya namna ile ya juu, kisha pigeni kura. Kabla ya kura, ondoeni kitabu ambacho nusu ya wanakundi hawawezi kukipata mahali walipo. Hili likirukwa, kundi linagawanyika wiki ya kwanza kati ya wenye nakala na wasio nayo. Gaweni kitabu kwa wiki nne, mtangaze ukurasa wa kuishia kila wiki, na asiruhusiwe mtu kuzungumzia ng'ambo ya hapo. Ujumbe wa sauti uanze kwa kutaja sura: "Hii ni ya sura ya 5." Wanaomaliza mapema, ambao kila kundi linao, wapewe kazi ya kukusanya maneno magumu na maana zake kwa ajili ya wenzao.

Mnaoazimana nakala, andikeni jina la mwenye kitabu ukurasa wa ndani, tarehe ya kuazima na ya kurudisha, mwezi mmoja usizidi. Toleo la zamani lisilochapwa tena lisitoke nyumbani. Mwenye kulitaka aje akae alisome hapo.